Kusimama na Jiwe Si Kazi

Wanaostaafu huku Isiolo hupewa blanketi, soda, na hotuba ndefu ya mtu ambaye hakuwapenda. Mimi nilistaafu na mtoto akiwa kwa titi. Nilimshika kwa mkono mmoja, nikaweka sahihi kwa mwingine, nikatoka. Miaka thelathini sijafikisha. Majirani wananiita mstaafu ili wapate kucheka, na jina hilo nimelikubali, maana najua nilichokiacha kuliko wao.

Ninaandika kwa sababu walimu wawili wachanga walikuja kwangu juzi. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tunasikia ulikuwa unafundisha sayansi bila vyombo. Ulikuwa unafanyaje?" Niliwapikia chai, lakini chai iliisha kabla sijafika hata katikati, na mtoto akaamka. Kwa hivyo someni hapa. Kuhusu cheo sina la kusema, sikupewa. Kuhusu mshahara, ulikuwa ukifika umeshachoka njiani.

Nilianza miaka ya sabini ikielekea mwisho, nikiwa nimetoka tu kidato cha nne. Ualimu sikuusomea. Hedimasta aliniuliza swali moja.

"Ulisoma fizikia?"

"Kidogo."

"Kidogo inatosha. Wenzako hapa hawana hata hiyo. Chukua sayansi, darasa la sita."

Nilikabidhiwa kitabu kimoja, kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa umepotea, na chati ya ukutani yenye picha ya mtoto mwekundu akiteleza juu ya theluji. Somo la kwanza lilikuwa maji na hali zake tatu. Nikatundika chati. Nikasoma kitabu kwa Kiingereza, nikakitafsiri, nikaandika ubaoni. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, huyo anateleza kwa chumvi?"

"Si chumvi. Ni maji yaliyoganda."

"Nani aliyagandisha?"

Nikamwambia, "Nyamaza." Hilo ndilo lilikuwa jibu langu la kwanza la kisayansi.

Ukuta kati ya darasa langu na la jirani ulikuwa wa mabati, na huko jirani alikuwa Mwalimu Guyo. Huyu alikuwa mzee mwembamba aliyeanza kufundisha zamani, wakati shule zingine zilikuwa zikihama na ngamia. Alikuwa amesikia kila neno. Kengele ilipolia akaja mlangoni.

"Binti yangu, leo umewafundisha kunyamaza, na wameelewa vizuri sana. Kesho utawafundisha nini?"

Nilitaka kulia. Badala yake nikamwuliza yeye angefanya nini. Alirudi darasani kwake, akaleta redio iliyokufa, akaifungua kwa kisu, akatoa ile sumaku ya spika. Akaniwekea mkononi.

"Peleka watoto laga. Funga hii kwa karatasi kwanza."

Laga yetu, kama mjuavyo, ni mto wa mchanga. Maji yakipita leo, kesho hayapo. Nilipeleka darasa zima bila kujua ninachokitafuta. Tulipoipitisha sumaku juu ya mchanga, mchanga mweusi ukaruka ukashika karatasi, ukasimama wima kama nywele. Yule kijana wa chumvi akapiga kelele, "Mchanga ina nywele!" Na mara hiyo kila mtoto akataka kushika, wakauliza maswali ambayo nusu yake sikuyajua. Safari hii sikusema nyamaza. Nilisema, "Sijui, jaribu tuone." Na nyinyi shikeni maneno hayo, yatawaokoa siku nyingi. Na msisahau karatasi. Mimi mara ya pili niliisahau, na ule mchanga mweusi, ambao ni chuma, ulikwama kwa sumaku mpaka leo haujatoka.

Baada ya hapo sikuligusa tena kabati. Sauti tuliifundisha kwa kengele ya ngamia, ile ya mbao: mtoto anaitikisa, mwingine anaweka vidole juu yake na kuhisi inavyotetemeka, halafu anaikamata kwa nguvu na sauti inakufa. Mizani tuliifundisha kwa punda. Mpakie mtungi uliojaa upande mmoja na ulio nusu upande wa pili, halafu uwaulize watoto waufunge wapi ule wa nusu ili mzigo usipinduke. Watoto wa wafugaji wanajua jibu kwa mikono kabla hujamaliza swali. Kazi yako ni kuwapa maneno tu. Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shule, yalipokuja, tulikusanya zile pakiti za pembe tatu, tukazijaza mchanga, moja tele na nyingine nusu, tukazining'iniza kwa nyuzi zilizolingana tukazibembeza. Walibishana, wengine wakaweka dau la chapati kwamba ile nzito itakwenda haraka. Zote mbili zilikwenda sawasawa. Wavulana fulani walidai nimeiroga ile nyepesi.

Sasa nifike kwa somo lililonigharimu. Si kwamba nilikosea somo, somo lilikuwa sawa. Watu ndio walilibeba likafika pengine.

Kitabu kilisema kazi ni nguvu mara umbali. Ukisukuma kitu kikasogea, umefanya kazi. Kisiposogea, hakuna kazi. Basi nilimpa kila mtoto jiwe, nikawaambia wanyooshe mkono walishike hivyo hivyo wasitikisike. Baada ya muda mikono ikaanza kutetemeka.

"Nani anafanya kazi?"

"Mimi!" Darasa zima.

"Hapana. Jiwe limesogea?"

"Halijasogea, Mwalimu."

"Basi hakuna aliyefanya kazi."

Walicheka sana, wakayaangusha mawe. Kati yao alikuwapo Dahabo, msichana mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na sisemi hivyo kwa huruma. Mama yake alikuwa akibeba maji kutoka bombani mpaka kwa mahoteli ya mjini, mtungi mgongoni, kutwa. Dahabo alienda nyumbani akamweleza mama somo la leo.

Asubuhi mama alikuwa mlangoni kwangu. Mtungi ulikuwa mgongoni, umejaa, hakuutua.

"Salaam aleikum. Wewe ndio mwalimu ya sayansi?"

"Aleikum salaam, mama. Ndiye mimi."

"Mtoto yangu ameniambia, nikisimama kwa laini ya bomba na maji mgongoni, mimi sifanyi kazi."

"Mama, kwa upande wa sayansi, unajua..."

"Wacha sayansi. Geuka."

Nikageuka, sijui kwa nini. Alitua ule mtungi, akanipandishia mgongoni, akanizungushia kamba kifuani akaikaza.

"Simama hapo."

Nikasimama. Watoto wote walikuwa madirishani. Kamba ilinikata kifua, jasho likaanza kunitoka.

"Unafanya nini sasa?" akaniuliza.

"Ninasimama."

"Haya. Endelea kusimama, hakuna kazi."

Mwalimu Guyo akatoka darasani kwake kuangalia hicho kicheko ni cha nini. Alinizunguka kama mtu anayetaka kununua ng'ombe, akauliza watoto, si mimi: "Mwalimu wenu anatoa jasho. Jiwe la jana halikusogea, na huu mtungi hausogei. Hilo jasho linatoka wapi?"

Swali lilikuwa zuri. Nilifunguliwa kamba, tukaingia darasani pamoja na mama yake Dahabo, tukalirudia somo kuanzia mwisho kuja mwanzo. Jasho kwanza. Nikawaambia washike misuli ya mkono wakati wameshika jiwe, waone inavyotetemeka ndani. Nyama hiyo inajikaza na kulegea bila kupumzika, na inakula ule uji uliounywa asubuhi. Kwa hivyo ndani ya mtu kuna kitu kinatumika. Lakini jiwe lenyewe halijapata chochote, liko palepale. Kitabu kinauliza habari ya jiwe.

"Kwa hivyo kitabu inaangalia jiwe," Dahabo akasema, "haiangalii mwenye ameshika."

"Hivyo hasa."

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akabeba mtungi wake. "Hiyo sayansi yenu haijawahi kubeba maji," akasema, akaenda zake. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akinisalimia kwanza.

Walimu wachanga, hapa nisikieni. Kazi, nguvu, uzito, haya ni maneno ya watu. Wanayo nyumbani, wanayatumia kila siku. Sayansi inapoyachukua, mwambie mtoto kwamba tumeyaazima na tutayatumia kwa njia nyembamba, mpaka kengele ilie. Usimpeleke mtoto kwa mama yake na neno nusu.

Hedimasta naye aliisikia hadithi ya mtungi, akaipenda kwa ubaya wake. Ikawa mzaha wa shule. Mwalimu akiegemea ukuta, anaambiwa, "Hiyo si kazi, muulize mwalimu wa sayansi." Mwalimu Guyo peke yake hakuurudia mzaha huo. Alistaafu muda si mrefu baadaye, kwa blanketi na hotuba, akaenda Rapsu kulima vitunguu kwa maji ya mfereji. Aliniachia kile kisu cha redio. Nilimkosa kuliko nilivyofikiri ningemkosa, na bado.

Darasa lile lilifika la saba, nikapanda nalo. Mwaka huohuo nikamzaa Ewoi, mtoto wangu wa pili. Nilirudi kazini akiwa bado mdogo sana. Jirani yangu, mwanamke wa watu, alikuwa akimleta wakati wa mapumziko nimnyonyeshe nyuma ya darasa. Mtoto mwenyewe alikuwa na kifua kibaya. Ananyonya kidogo, anakohoa, anaanza upya. Mapumziko hayakutosha. Nikaomba kwa mkutano wa walimu kitu kimoja: kipindi changu kinachofuata mapumziko kibadilishwe na cha mwalimu mwingine. Mwenye kipindi alikuwa amekubali tayari. Sikuwa ninaomba likizo.

Hedimasta aliegemea kiti chake. Nikaona uso wake umeanza kucheka kabla ya mdomo.

"Mwalimu, si ni wewe ulitufundisha? Mtu akikaa pahali moja ameshika kitu, hiyo si kazi. Sasa unataka shule ikupe muda ya nini?"

Walicheka. Naibu wake alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Nilikuwa nimelala vibaya, nguo yangu ilikuwa imeloa maziwa kifuani, na wote walikuwa wakiiona. Nikasema:

"Ni kweli, hedimasta. Na kwa sayansi hiyohiyo, tangu ukae kwa hicho kiti, shule hii haijaona kazi."

Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani polepole.

Mtaniambia ningenyamaza. Mama yangu aliniambia hivyo, na mume wangu, na padri. Neno lile silijutii hata kidogo. Ninachojutia kinakuja.

Uhamisho ulitoka muhula wa mtihani. Oldonyiro, mbali kabisa na mji. Na nisieleweke vibaya, watoto wa Oldonyiro wanahitaji sayansi kama wa mjini, na ningeenda. Lakini ilitakiwa niende mara moja, kwa lori la mifugo na vumbi lile, na mtoto wa kifua, niache darasa la saba kabla tu hawajafanya mtihani. Na mnajua mtihani ule ulivyokuwa. Aliyepita anaenda kidato cha kwanza, aliyeshindwa hana pa kuuliza. Kwa Dahabo mambo yalikuwa wazi zaidi. Mama yake alikuwa ameniambia mwenyewe, bila kuficha: "Akipita, nitabeba maji mpaka amalize shule. Akianguka, tutabeba wawili. Mtungi yake nimeshanunua."

Mtungi ulikuwa mpya, wa manjano, umewekwa nje ya nyumba yao. Nilikuwa nikiuona kila nikipita.

Nikaenda kwa hedimasta. Nilimwomba. Hapa ndipo ninapojuta: si kwamba nilikataliwa, ni kwamba niliomba kwa sauti ndogo, mikono imefungwa mbele, kama mtoto aliyechelewa. Nikasema nitakwenda Oldonyiro siku ya pili baada ya mtihani. Nikasema nisamehewe neno langu. Nilisema hivyo, na silijutii neno, kwa hivyo nilidanganya pia.

Alinisikiliza. Kisha akasema, "Ulisema mimi sifanyi kazi. Sasa nimefanya. Nimekusogeza kutoka hapa mpaka Oldonyiro. Piga hesabu."

Sikwenda Oldonyiro. Daktari wa hospitali alikuwa amesema mtoto asiondoke karibu na dawa, nami nilimwamini kuliko nilivyoiogopa ofisi. Mwishowe niliweka ile sahihi niliyowaambia, ya kuacha kazi.

Kilichoniuma zaidi ni somo. Tulikuwa tumeanza mashine rahisi, ambazo haziachwi kwenye mtihani hata siku moja. Nyenzo tulimaliza, kwa ubao mrefu na jiwe, msichana mmoja mdogo akamwinua kijana mkubwa wa darasa mpaka kijana akaona haya. Mteremko tulimaliza, kwa gunia na lori la jirani. Ilibaki kapi. Fundi mmoja wa visima alikuwa amenipa gurudumu la chuma lenye mfereji wa kamba, na siku ya Ijumaa nililiinua juu darasani wote walione. Wakauliza ni la nini. Nikawaambia, kwa kujidai, "Jumatatu. Jumatatu tutalitundika kwa mti, na mtoto mwepesi kuliko wote atapandisha mtungi uliojaa huku anavuta kwenda chini."

Jumatatu, kabla sijaweka sahihi yoyote, nilizuiwa getini. Askari wa geti, mtu ambaye mwanawe nilimfundisha, aliangalia viatu vyake akasema, "Mwalimu, nimeambiwa." Nilikuwa na gurudumu kwenye kikapu. Nilimwomba alipeleke darasani angalau. Alilipokea. Sijui lilifika wapi.

Mwalimu aliyeletwa alikuwa na cheti na mwandiko mzuri kuliko wangu. Simchukii. Alipewa darasa lisilo lake na wiki chache, akafanya alichojua: aliujaza ubao, wakanakili, akaufuta, akaujaza tena. Wanafunzi wachache walianza kuja kwangu Jumamosi. Nilikuwa nawafundisha uani nikiwa ninanyonyesha. Walikuja mara mbili. Kisha ikatangazwa paredi kwamba atakayeonekana kwangu atafukuzwa, hawakuja tena. Ningeweza kwenda manyumbani kwao, mmojammoja. Mtoto alilazwa juma hilo. Ndivyo ilivyokuwa.

Wengi walianguka sayansi. Dahabo aliikosa shule kwa kidogo sana, na hicho kidogo nimekifikiria mara nyingi kuliko inavyonifaa.

Nilimwona mwezi uliopita bombani. Laini ilikuwa ndefu. Alikuwa mbele yangu, na mimi sikumtambua kwa mgongo. Yeye ndiye aligeuka.

"Salaam aleikum, Mwalimu."

"Aleikum salaam, Dahabo. Mama hajambo?"

"Mgongo inamsumbua." Akamtazama Ewoi. "Ndio huyu?"

"Ndiye huyu."

Akamshika mguu, akauchezesha kidogo. Mtoto akamchekea. "Hedimasta alituambia kwa paredi ulichoka na sisi, ukachagua yeye."

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, na watu walikuwa wakisikiliza. Nikasema, "Sikuchoka na nyinyi. Nilifungiwa geti."

"Sisi hatukujua." Akahesabu kwa macho watu waliobaki mbele yake. "Mwalimu, ile gurudumu ya Jumatatu. Ilikuja kwa mtihani, na picha. Ilikuwa inafanyanga nini?"

Sikuwa na mti, wala kamba, wala gurudumu. Nikamwambia kwa mdomo: unapitisha kamba juu yake, upande mmoja unafunga mzigo, upande mwingine unavuta kwenda chini, na mzigo unapanda.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Laini ikasogea. Akaisukuma mbele mitungi yake kwa mguu, ule mkuukuu wa mama yake kwanza, halafu ule wa manjano.